Makaburi ya Tengeru na Habari za Waliofukuzwa Kwao

Mtu akitoka Levolosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, akashika njia iendayo Moshi, mlima Meru humfuata upande wa kushoto mwendo wote. Siku nyingine kilele chake, kilichopanda zaidi ya mita 4,500, kimefunikwa na wingu; siku nyingine chaonekana wazi hata makorongo yake yaweza kuhesabiwa. Migomba na mikahawa imeota pande zote mbili, maji yashuka kwa mifereji toka mlimani, na akina mama wapita na mizigo yao kwenda sokoni. Ni nchi ya shibe. Mgeni apitaye hapo hadhani ya kuwa nchi hii imepokea watu wengi waliotoka vitani, wa mataifa mbalimbali, wala ya kuwa baadhi yao wamelala humo hata leo.

Sisi tumeipita njia hiyo mara nyingi, nasi tumeona yafaa kuwaandikia ninyi wazazi na walimu habari zake. Maana habari za vita husimuliwa zaidi kwa hesabu ya waliokufa, na habari za waliopona husahauliwa mara, kana kwamba kupona ndio mwisho. Lakini mtu aliyeokoka, hata akipewa nyumba, chakula na amani, angali ana safari nyingine mbele yake, nayo ni ndefu kuliko ile aliyoitembea kwa miguu: safari ya kurudi kati ya watu. Awaamini tena jirani, afanye tena kazi yenye maana, ajue tena kwao ni wapi. Safari hiyo yaweza kuchukua maisha yote, na mara nyingine huachiwa watoto waimalize.

Tuanze hapo mjini. Levolosi ni kata ya katikati ya jiji la Arusha, yenye nyumba zilizosongamana, maduka, na kituo cha afya. Hapo hakuna kambi ya wakimbizi. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 yaagiza wakimbizi wakae katika sehemu walizopangiwa, na makambi makubwa yalifunguliwa mbali, magharibi ya nchi, kama lile la Nyarugusu mkoani Kigoma lililofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo. Lakini mji ni mji. Katika miji yetu hupatikana watu ambao wazazi wao walivuka mpaka usiku wakiwa na watoto mgongoni, na jirani wa ukuta mmoja nao hajui neno hilo.

Si mbali na Levolosi lipo jumba kubwa la mikutano la Arusha. Ndimo ilimokaa Mahakama ya Kimataifa iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa tarehe 8 Novemba 1994, ili iwahukumu waliotenda maovu ya Rwanda ya mwaka ule, walipouawa watu wapatao 800,000 au zaidi katika muda wa siku 100 hivi. Mahakama hiyo iliwashtaki watu 93, ikasikiliza mashahidi zaidi ya 3,000, ikafungwa tarehe 31 Desemba 2015. Wasomaji wengi wajua majina ya wakubwa waliohukumiwa. Lakini wachache wamefikiri habari za mashahidi. Wengi wao majina yao yalifichwa, wakaitwa kwa herufi tu, kwa kuwa walihofia yatakayowapata wakirudi nyumbani. Waliponena hapo Arusha miaka mingi ilikuwa imepita, na bunduki zilikuwa zimenyamaza zamani. Hata hivyo hofu ilikuwa haijaondoka. Na sababu yake ni wazi. Katika Rwanda muuaji mara nyingi hakuwa mgeni aliyetoka mbali. Alikuwa jirani, mwalimu wa shule, mtu wa kijiji kimoja, mara nyingine hata mkwe. Basi aliyepona hakupoteza jamaa zake tu. Alipoteza na ile imani ya kila siku impayo mtu kuacha mlango wazi na kumtuma mtoto nyumba ya pili akaombe moto.

Tena wako wanawake waliotendewa jeuri ambayo kwa desturi hainenwi. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama hiyo ilitoa hukumu juu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Taba, nayo ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kutamka ya kwamba kunajisi wanawake kwaweza kuwa njia ya kuangamiza taifa. Hukumu hiyo haikupatikana kwa akili za mawakili peke yao. Ilipatikana kwa sababu wanawake kadha wa kadha walisimama wakasema yaliyowapata. Kunena kwao kuliwagharimu sana, na faida yake imewafikia wengine wengi wasiowajua.

Sasa tuendelee na njia yetu kuelekea mashariki. Baada ya kilometa zipatazo 13 twafika Tengeru, penye soko lijulikanalo sana, ambalo siku ya Jumamosi hujaa watu toka pande zote za Meru. Upande wa kusini wa barabara kuna ziwa dogo la Duluti, lililozaliwa na moto wa chini ya ardhi zamani za kale, lenye maji ya kijani na miti mirefu kandokando. Karibu nalo, katika eneo la chuo cha mifugo, pana makaburi yaliyotunzwa vizuri. Ni yapata 150. Majina yaliyoandikwa juu yake si ya Kimeru, wala si ya Kiingereza, wala si ya Kijerumani. Ni ya Kipolandi. Wengi wa waliozikwa humo walikuwa Wakatoliki, wachache Waorthodoksi na Wayahudi. Hao walifikaje kufa chini ya mlima Meru?

Habari yao ni hii. Mwezi Septemba 1939 nchi ya Polandi iliingiliwa pande mbili: Wajerumani toka magharibi tarehe 1, na Warusi toka mashariki tarehe 17. Kuanzia Februari 1940 serikali ya Urusi iliwakamata watu wa sehemu za mashariki ya Polandi, mamia ya maelfu, jamaa nzima nzima, wakulima, walinzi wa misitu, wake na watoto wa askari. Waliamshwa usiku, wakapewa muda mfupi wa kufunga mizigo, wakapakiwa katika mabehewa ya ng'ombe, wakapelekwa Siberia, Urusi ya kaskazini na Kazakhstan. Huko walikata miti katika theluji wakila mkate kidogo. Wazee na watoto wachanga walikufa kwanza.

Hata mwaka 1941 Wajerumani walipoishambulia Urusi yenyewe, Warusi wakapatana na serikali ya Polandi iliyokuwa London, tarehe 30 Julai, nao wafungwa wakafunguliwa ili liundwe jeshi. Wakashuka kusini kama mto, wengine kwa gari la moshi, wengine kwa miguu. Mwaka 1942 zaidi ya watu 110,000, askari na jamaa zao, walivuka Bahari ya Kaspi wakaingia Uajemi. Wengi walikufa baada ya kufika, kwa homa na kuhara, na wengine kwa sababu matumbo yaliyozoea njaa hayakuweza kupokea shibe ya ghafula. Wanaume wakaenda vitani. Wanawake, wazee na watoto wakatafutiwa mahali pa kukaa, na sehemu kubwa, watu wapatao 18,000 na zaidi, wakaletwa Afrika kwa merikebu. Wakagawanywa: Masindi na Koja katika Uganda, Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro katika Tanganyika, na mahali penginepo mpaka Afrika ya Kusini. Makao makubwa kuliko yote ya Tanganyika yalikuwa Tengeru, walikokaa watu wapatao 5,000.

Wenyeji waliwajengea nyumba za mviringo, zenye kuta za udongo zilizopakwa chokaa na paa za nyasi, zikiwa zimepangwa safu kwa safu. Kukawa na hospitali, kanisa, nyumba ya yatima, shule za watoto wadogo, shule ya juu, shule ya ukulima na ya ufundi. Kukawa na kwaya, michezo ya kuigiza, na vikundi vya skauti waliotembea mpaka Duluti. Mtu akiyasoma hayo aweza kusema: Basi, shida yao iliisha. Walikuwa na chakula, walikuwa na amani, na mlima mzuri mbele ya macho yao.

Lakini kumbukumbu zilizoandikwa na watu hao wenyewe zaonyesha mambo mengine. Watoto waliotoka Urusi walificha mkate chini ya mito na magodoro yao, ijapokuwa mezani mkate ulikuwako kila siku. Mwenye kuufikiri mkate huo ataona ya kuwa mtoto hakuwa mwivi, wala hakuwa mlafi. Alikuwa amejifunza somo moja, kwamba kesho haiaminiki, na somo hilo halikufutika kwa kuambiwa tu. Ilibidi kesho ifike mara nyingi, siku mia, siku mia mbili, nayo ikute mkate mezani, ndipo mkono wake ulipoacha kuficha.

Tena jamaa nyingi zilikuwa hazina baba. Mama aliyezoea kushirikiana na mumewe katika shamba sasa alikuwa kichwa cha nyumba peke yake, katika nchi ambayo lugha yake haijui, akingoja barua kutoka jeshini. Mtoto wa kwanza akawa mzazi wa wadogo zake kabla hajamaliza kukua. Na yatima wengine walikuwa wameponyoka wakiwa wadogo sana, hata hawakuweza kusema kwa hakika kama mama yao alikufa au alipotea njiani. Twajua sote ya kuwa kuomboleza kuna mwisho wake wa desturi, lakini asiye na kaburi la kulilia haujui mwisho huo. Kwa hiyo makaburi haya ya Tengeru, ingawa ni ya huzuni, yalikuwa namna ya faraja. Aliyekufa njiani katika Urusi aliachwa kandokando ya reli. Aliyekufa Tengeru alizikwa kwa jina lake, jamaa wakisimama.

Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu husema neno hilo kwa kumcheka mgeni mvivu, lakini sisi twaona lina hekima nyingine. Jembe humpa mgeni mahali. Anayelishwa tu kila siku, bila kutakiwa neno, huanza kujiona si kitu. Mambo yaliyowafaa zaidi Wapolandi wa Tengeru yalikuwa yale yaliyowapa jembe: mwanamke ashonaye, mwalimu afundishaye ingawa vitabu ni vichache, kijana ajifunzaye ukulima, mwimbaji angojwaye na wenzake Jumapili. Shule hasa iliwafaa watoto. Kengele ililia saa ile ile kila siku, na mwalimu yule yule alikuwapo. Kwa mtoto aliyeburutwa toka nchi hadi nchi muda wa miaka miwili, kengele isiyobadilika ni dawa.

Lakini kulikuwa na ukuta. Serikali ya Kiingereza ya siku zile iliwatenga watu kwa rangi na taifa, wala haikutaka wakimbizi wazungu wachanganyike sana na wenyeji. Wameru waliwauzia ndizi na maziwa, wakawajengea, na Wapolandi wengine walijifunza Kiswahili kwa biashara hiyo. Urafiki ulikuwapo, lakini jirani wa kweli, wa kuingia na kutoka nyumbani, walikuwa wachache. Basi watu hao walikaa kwa muda wa karibu miaka 10 kama walio katika merikebu iliyotia nanga: walikuwa salama, lakini hawakuwa mahali.

Vita viliisha mwaka 1945, na hapo ndipo lilipowapata jambo zito kuliko yote. Mwezi Februari mwaka huo, huko Yalta, wakuu wa Uingereza, Marekani na Urusi walikubaliana kwamba sehemu za mashariki ya Polandi ziwe za Urusi. Wengi wa watu wa Tengeru walitoka hasa katika sehemu hizo. Kijiji cha mtu kilikuwa kingali mahali pake, lakini sasa kilikuwa ndani ya nchi ile ile iliyomfunga. Mwezi Julai Uingereza iliacha kuitambua serikali ya Polandi iliyokuwa London. Watu waliokuwa wameyavumilia yote kwa neno moja, "tutarudi", wakanyang'anywa neno hilo. Wachache walirudi Polandi mpya. Wengine, hasa walio na ndugu katika jeshi, walikwenda Uingereza, na wengine Australia, Kanada na kwingineko. Yatima waliongozwa na padre Lucjan Królikowski, ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliohamishwa kwenda Urusi. Mwaka 1949 watoto hao walisafiri mpaka Italia, kisha Ujerumani, na zaidi ya 100 wakafika Kanada, huku serikali mpya ya Polandi ikipiga kelele kwamba watoto wake wameibwa. Padre huyo alifariki mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 100. Makao ya Tengeru yenyewe yalifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wachache sana walibaki, na wa mwisho wao alizikwa katika makaburi yale yale mwaka 2015.

Na waliorudi Polandi waliona ya namna nyingine. Huko haikuruhusiwa kusema waziwazi juu ya yale waliyotendewa Urusi, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980. Fikirini, wasomaji, mtu akae miaka 40 kati ya watu wa lugha yake mwenyewe, wala asiweze kuwaambia jirani utoto wake ulipita wapi. Aliyekwenda Kanada alinyimwa nchi lakini aliweza kunena. Aliyerudi kwao alipewa nchi lakini alifungwa kinywa. Wengi waliandika habari zao walipokuwa wazee tu, na watoto wao wakasoma kwa mara ya kwanza kwa nini mama hakutupa kamwe kipande cha mkate.

Yafaa tukumbuke na upande wa wenyeji. Mwezi Novemba 1951, wakati makao ya wakimbizi yalipokuwa yakielekea kufungwa, serikali iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 katika Engare Nanyuki, upande wa kaskazini wa mlima, ili ardhi yao wapewe wazungu wenye mashamba makubwa ya ng'ombe. Nyumba zao ziliharibiwa kwa moto. Hivyo watu wa mlima uliowapokea waliofukuzwa wakafukuzwa wao wenyewe. Mwaka 1952 Wameru walimtuma Kirilo Japhet mpaka New York akaseme mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakurudishiwa ardhi siku ile. Lakini twaona tofauti moja kubwa kati ya habari hizi mbili: Wameru walichanga fedha pamoja, wakachagua msemaji pamoja, na shauri lao likawa la taifa zima. Taabu ichukuliwayo na watu wengi pamoja humwacha mtu angali na ndugu; taabu ichukuliwayo na kila mtu peke yake huwatawanya.

Neno hilo lathibitika katika habari za Warundi, ambao nchi yetu imewapokea kwa wingi. Mwaka 1972 waliuawa Burundi watu zaidi ya 100,000, na wengi wa waliokimbia walipewa makao ya Ulyankulu, Katumba na, tangu 1978, Mishamo. Mwaka 1985 na 1986 mtaalamu Liisa Malkki alikaa kati yao ili kujua jinsi wanavyoishi. Akaona ya kwamba wale wa Mishamo, waliokaa peke yao, walisimulia habari za 1972 kila mara, kwa maneno karibu yale yale, hata zikawa kama historia takatifu ya kabila, nao wakijihesabu kuwa taifa lililo safarini. Lakini wale waliokaa katika mji wa Kigoma, kati ya watu mchanganyiko, walioa na kuolewa, walifanya biashara, na wengine hawakupenda hata kuitwa wakimbizi. Walikuwa wametoka katika vita vile vile. Mahali walipokaa baadaye ndipo palipowafanya kuwa watu wa namna mbili. Wala hatusemi kwamba wa mjini walipona kabisa. Walilipa kwa kuficha asili yao.

Mwingine, Marc Sommers, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 2001 juu ya vijana Warundi waliotoka makaoni wakaenda kushona nguo Dar es Salaam. Wengi wao walikulia Tanzania, na yale mauaji hawakuyaona kwa macho yao. Hata hivyo waliishi kwa hofu, wakificha jina la kabila lao, wakimshuku kila mgeni mlangoni. Hofu hiyo walinyonya na maziwa. Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Lakini hawa hawakuumwa wao, waliwaona wazazi wao wakishtuka, nao wakajifunza kushtuka. Twaona hapa jinsi vita viwezavyo kumfikia mtoto ambaye vilikwisha kabla hajazaliwa.

Lipo na jambo jema la kusema. Mwaka 2010 serikali ya Tanzania ilikubali kuwapa uraia Warundi wapatao 162,000 wa makao hayo ya zamani, na tangu mwaka 2014 hati zao zilianza kugawiwa. Si nchi nyingi duniani zilizofanya hivyo. Hati ni karatasi, lakini humjibu mtu lile swali ambalo watu wa Tengeru hawakulijibiwa kwa miaka 10: kwetu ni wapi?

Madaktari nao wameyapima mambo haya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza makadirio ya kwamba, kati ya watu waishio mahali palipoguswa na vita, mtu 1 kati ya 5 hivi ana ugonjwa wa akili wa namna fulani, kama vile huzuni isiyoisha, hofu, au ndoto za kutisha zirudizo kila usiku. Hesabu hiyo yafundisha mambo mawili. La kwanza, ugonjwa huu ni wa kweli, si uvivu, wala si kurogwa, wala si upungufu wa imani. La pili, walio wengi hawaugui hivyo. Hupata nguvu tena wakipata mahali, kazi na watu. Kwa hiyo mkimbizi asihesabiwe kuwa mtu aliyeharibika.

Basi sisi tulio majumbani na shuleni tufanye nini? Hatuwezi kuzuia vita vya mataifa, lakini mengi ya mambo yaliyosemwa hapa yalitendeka katika vyumba vidogo, mezani na darasani.

Mwalimu akimwona mtoto afichaye chakula, au asinziaye kwa kukosa usingizi usiku, au arukaye kwa kishindo cha mlango, asifanye haraka kushika fimbo. Na ampe kazi ndogo ya kila siku, kama kugonga kengele au kugawa madaftari, ili ajue ya kuwa kesho anangojwa. Asimlazimishe kusimulia yaliyompata mbele ya wenzake. Lakini siku atakapotaka kusema mwenyewe, mwalimu aache kalamu amsikilize hata mwisho. Huzuni ikizidi, au mtoto akiacha kula na kucheza, apelekwe kwa waganga wa kituo cha afya kama vile angepelekwa kwa homa.

Mama wa nyumba, akipata jirani aliyetoka mbali, asimpelekee sahani tu. Amwombe na yeye kitu: amwazime ungo, amwite wakapalilie pamoja, amfundishe mtoto wake kupika chakula cha kwao. Apokeaye siku zote bila kuombwa hubaki mgeni. Nao wanaume wamkumbuke baba ambaye alikuwa na shamba na ng'ombe na sasa anapimiwa unga kwa kikombe. Aibu yake yaweza kugeuka ugomvi na ulevi nyumbani kwake. Akiitwa katika baraza, akaulizwa shauri kama mtu mzima, mkewe na watoto watauona unafuu kabla yake.

Msiba ukifika, twende. Aliye mbali na kwao huogopa kufa bila watu kuliko kufa kwenyewe, na Tengeru yaonyesha ya kuwa kaburi lenye jina hutunzwa hata baada ya miaka 80, na mikono ya wenyeji.

Mwisho, tuangalie ndimi zetu. Neno "mkimbizi" lafaa katika daftari la serikali, kwa mtu aliyevuka mpaka na siku aliyovuka. Mtoto aliyezaliwa kati yetu hakukimbia kitu. Mwalimu anapoita majina asubuhi na amwite kwa lake, alitamke sawasawa kama mama yake alitamkavyo, kisha aendelee na jina lifuatalo.